Wenye Nyumba Hawapo

Wiki iliyopita jirani yangu alichoma majani ya mkaratusi katika chumba cha mama yake mgonjwa, na moshi wake ukavuka ua ukanikuta jikoni nikikata vitunguu. Niliweka kisu chini. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto wanaonipita kimo, lakini moshi ule ulinipandisha mapigo ya moyo kama mtu aliyesikia mlango ukifunguliwa naye yuko peke yake. Ndivyo mama alivyofanya tulipohamia nyumba ile ya Niboye, Kigali. Kila asubuhi, kwa majuma mawili, alichoma majani mabichi ya mkaratusi kwenye karai, akapita nalo chumba hadi chumba bila kusema neno. Nilimfuata nyuma nimeshika kanga yake, maana sikutaka kubaki katika chumba ambacho yeye ametoka.

Hatukuzaliwa Kigali. Mimi na mdogo wangu Neema tulizaliwa Kibaha, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Kibaha ni mji wa watu wanaolala huku na kufanya kazi kule. Asubuhi nusu ya mtaa inaondoka, jioni inarudi na mikate na habari za mjini, na giza likiingia unaona upande wa mashariki mbingu ya Dar inang'aa, nanyi mko na mikorosho yenu na mchanga wenu. Baba alikuwa seremala hapo. Babu alimvusha mpaka wa Rwanda akiwa mgongoni, enzi Watutsi walipokuwa wakichomewa nyumba, na tangu hapo baba hakuwa amerudi. Mama alikuwa Mluguru wa Morogoro, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili. Kinyarwanda kilikuwa lugha ambayo baba aliizungumza Jumapili na rafiki zake wawili, kwa sauti ya chini, na mimi nilidhani ni lugha ya kuzungumzia wagonjwa.

Mauaji ya mwaka 1994 yaliposimamishwa, na wauaji wakakimbia, baba alitangulia kwenda Kigali. Barua yake ilikuwa fupi. Mji, aliandika, una nyumba nyingi zisizo na milango, seremala hatakosa kazi. Amepata nyumba mahali panapoitwa Niboye. "Ni pembeni mwa mji, kama Kibaha ilivyo kwa Dar. Mtazoea."

Tulifika kwa lori, tumekaa juu ya magodoro, na ni kweli palikuwa pembeni mwa mji. Nyumba za matofali na mabati zilipangwa mgongoni mwa kilima, na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na vipande vya migomba na mtama. Chini lilikuwa bonde, ng'ambo kilima kingine, na nyuma yake kingine tena. Kabla ya mauaji walikuwa wakikaa hapo makarani, walimu, wachuuzi, watu wa kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni. Mtaa wa namna hiyo niliujua. Ila Kibaha jioni kulikuwa na redio, na kelele za watoto, na harufu ya mafuta ya kukaangia. Niboye ilikuwa kimya. Majani yalifika kwenye madirisha. Mtama ulikuwa umekaukia shambani na ndege waliula bila kufukuzwa. Sikusikia jogoo hata mmoja. Mbwa walikuwapo, tena wanene, wakipita njiani kwa makundi, na baba hakushusha hata mzigo mmoja kabla ya kutuonya: mbwa asikaribiwe, kitu cha chuma kisiokotwe, na migombani nyuma ya nyumba mtu asikanyage, huenda kuna mabomu.

Mlango wa nyumba yetu uliandikwa kwa chaki, herufi kubwa: IRAFASHWE. Nilikuwa darasa la tatu, kusoma nilijua. Nikatazama nyumba ya pili, nayo imeandikwa IRAFASHWE. Na ya tatu. Siku zilizofuata nilihesabu nyumba saba katika njia yetu zenye jina hilo. Kwetu Kibaha, mtu akiandika jina kwenye ukuta au kwenye lango, huyo ndiye mwenye mali. Basi nikaelewa kwamba mtaa mzima ulikuwa wa mtu mmoja, tajiri mkubwa, Mzee Irafashwe, na kwamba sisi tumeingia kwake bila hodi.

"Baba," niliuliza jioni ile ya kwanza, "wenye nyumba hii wako wapi?"

Alikuwa akipiga msumari kwenye mguu wa kitanda. "Hawapo," alisema.

Hawapo. Kwetu ukibisha mlango ukaambiwa fulani hayupo, maana yake ametoka kidogo. Rudi jioni utamkuta.

Mama alinivuta hadi jikoni. "Usimuulize baba yako habari za wenye nyumba. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Wala mtu mwingine."

Mtoto akikatazwa kuuliza hujijibu mwenyewe, na majibu yake huwa mabaya kuliko ya wakubwa. Sebuleni ukutani kulikuwa na vipande vitano vya rangi iliyokoza, palipokuwa pametundikwa picha. Nyuma ya mlango wa chumba chetu, kwenye ndoano, lilining'inia koti la mvua la mtoto, la manjano, la kimo changu kabisa. Mvua zilikuwa zimeanza, nami nilikuwa sina koti, lakini mama alinikataza kulivaa na vilevile alikataa kulitoa. Likabaki pale. Kila nikifunga mlango nililikuta linanitazama. Nilijua Mzee Irafashwe ana mtoto, ni wa umri wangu, na siku watakaporudi atataka kujua nani amekilalia kitanda chake. Nikaanza kulala na nguo zangu za kutokea. Nilikula nimeuelekea mlango. Nilijifunza hata maneno ya kumwambia: Shikamoo, Mzee Irafashwe. Hatujavunja kitu. Kikombe kimoja tu, na kilikuwa na ufa.

Mwezi ukapita, na ule wa pili ukaingia. Familia nyingine zikafika mtaani, moja kutoka Uganda, moja kutoka Burundi, na moshi ukaanza kuonekana juu ya mabati. Baba alikuwa akitoka alfajiri kwenda mjini kutengeneza milango. Mama alikwenda Kicukiro kupanga foleni ya unga na mafuta, nami nikabaki na Neema, aliyekuwa na miaka mitatu. Shule zilikuwa zinaanza kidogo kidogo, lakini yetu ilikuwa haijapata mwalimu.

Ndipo yule mwanamke akatokea.

Mara ya kwanza nilimwona kupitia dirishani. Ng'ambo ya njia kulikuwa na msingi wa nyumba ambayo haikumalizika, naye alikuwa ameketi juu ya mawe yake, ameshika mwavuli mweusi, uso ameuelekeza kwetu. Kitambaa alikifunga chini sana, hadi juu ya nyusi. Mkono wake wa kushoto ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichopewa amshikie. Hakufanya lolote. Alitazama nyumba tu, hadi jua likapinda, akaondoka. Kesho yake akarudi. Na kesho kutwa. Alikuja mama akishatoka, akaenda mama akikaribia kurudi, na mimi nilishuka chini ya dirisha nikamkalisha Neema kwenye sakafu nikimziba mdomo. Nilijua ni mke wa Irafashwe. Ametumwa kutuchunguza kwanza. Mume anafuata.

Sikumwambia mama. Nilikuwa nimekatazwa, na zaidi ya hapo niliogopa kwamba nikisema itakuwa kweli.

Siku ya tano Neema aliamka mwili una moto. Mama alimpangusa kwa kitambaa cha maji, akanitazama, akautazama mfuko mtupu wa unga. "Nitawahi kurudi," alisema. "Mpe maji kidogo kidogo. Usimfungulie mtu yeyote."

Adhuhuri Neema aliacha kulia. Nilifurahi, nikadhani amelala. Kisha nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Macho yake yalikuwa yamegeuka, weupe mtupu, meno yameumana, mikono na miguu inaruka. Nilimwita, hakunisikia. Nikapiga kelele. Sikuita jina la mtu, nilipiga kelele tu, na nilipogeuka mlangoni yule mwanamke alikuwa ndani ya nyumba.

Sijui alifunguaje. Baadaye nilielewa kwamba komeo la mlango ule lilikuwa na hila yake, ukiuinua kidogo lilitoka lenyewe, na yeye aliijua. Wakati ule nilichojua ni kwamba wamefika. Nilirudi nyuma hadi kwenye lile koti la manjano. Maneno yangu yote niliyojifunza yakapotea.

Hakunitazama. Alimgeuza Neema kwa ubavu, akamfuta povu mdomoni kwa pindo la nguo yake, akamshika hivyo, akimnong'oneza kwa Kinyarwanda, mpaka mwili ukatulia ukawa kama kitambaa. Ndipo akaniangalia. Kitambaa chake kilikuwa kimesogea, na toka kwenye paji hadi nyuma ya sikio nikaona kovu, pana, jipya, la rangi ya ini.

"Mama iko wapi?"

Nilizidi kujibana kwenye koti.

"Weye mutoto, usiogope. Huyu mudogo iko na malariya ya kichwa. Tukikaa, atakufa. Leta kitenge."

Nilileta kanga ya mama. Akainama, akamweka Neema mgongoni kwa mkono mmoja, akaniambia, "Funga. Funga nguvu, mwana. Mukono huu haufanyi."

Ilinibidi nimzungushie kanga kifuani nikaribie uso wake, nisikie pumzi yake, niliguse bega la ule mkono uliokufa. Nilikuwa nalia bila sauti. Nikafunga fundo, na akatoka. Hakuelekea njiani. Alikwenda nyuma ya nyumba, moja kwa moja kwenye migomba.

"Baba amekataza!" Sauti yangu ilirudi ghafla. "Kuna mabomu!"

Akasimama. "Kwa barabara ni mbali, tunazunguka kilima chote. Huku ni karibu. Kanyaga pale nimekanyaga, usikanyage pengine."

Hakuna njia ndefu niliyowahi kutembea kama ile, na haikuwa hata hatua mia mbili. Majani makavu ya migomba yalilia chini ya miguu yetu. Niliweka unyayo wangu katika kila unyayo wake. Yeye alikwenda haraka, kama mtu anayepita kwake gizani, mpaka tulipofika katikati, mahali ambapo udongo ulikuwa umebonyea kidogo na majani mapya yameota mengi kuliko pengine. Hapo aliacha njia. Akazunguka kwa mbali, akishika mgomba mmoja baada ya mwingine, na midomo yake ikitikisika. Bomu liko hapo, nilijiambia. Nikazunguka kama alivyozunguka, nimebana pumzi. Mbele yake kulikuwa na ua wa minyaa, na ndani ya minyaa tundu ambalo usingeliona usipolijua. Tulipita tukainama. Chini yetu lilikuwa jengo lenye hema pembeni, ambapo wauguzi walikuwa wakitibu watu.

Walimchoma Neema sindano, wakamtundikia maji. Muuguzi mmoja alisema tungekawia kidogo tu pasingekuwa na la kufanya. Mimi na yule mwanamke tulikaa kwenye benchi, kila mtu kwenye ncha yake.

Mama alifika anakimbia, kichwa wazi. Askari aliyelinda njia panda alikuwa ametuona tukishuka bondeni, akamwelekeza. Mama aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka akaja kupiga magoti mbele ya yule mwanamke, akamshika mkono ule mzima.

"Dada, Mungu akulipe. Sina neno. Umetokea wapi? Wewe ni nani?"



"Naitwa Spesioza. Mimi iko mwenye nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Ile munakaa."

Mama hakuuachia mkono, lakini niliona mabega yake yanashuka. Na mimi, kwa sababu jambo nililoliogopa limekwisha kutokea na hapakuwa na la kuficha tena, niliuliza, "Wewe ndiye mke wa Mzee Irafashwe?"

"Nani?"

"Irafashwe. Jina lake liko mlangoni."

Kwa mara ya kwanza uso wake ukabadilika. Nilidhani atacheka. "Irafashwe si mutu, mwana. Ni kusema nyumba imekamatwa. Iko na mutu, wengine wasiingie." Akaniinamia. "Mulangoni kwangu aliandika nani?"

Hapo nikakumbuka kipande cha chaki ya seremala, kile cha kupimia mbao, ambacho baba hukiweka nyuma ya sikio. "Baba," nilisema.

Baba alitukuta jioni bado tuko kwenye benchi. Mama alimwambia kwa maneno machache. Alivua kofia. Alianza kwa Kinyarwanda, akamwita mubyeyi, neno la heshima la kumwita mzazi, kisha akahamia Kiswahili, nadhani alitaka mama naye asikie.

"Waliniambia katika nyumba ile hakubaki mtu. Niliamini upesi kwa sababu nilihitaji kuamini. Kesho tutahama."

"Muhame, muende wapi?"

"Popote."

"Hapana," alisema Spesioza. "Mimi siku tano nakaa kwa mawe, nashindwa kuingia. Leo nimeingia sababu mutoto alilia. Siwezi kurara mule peke yangu." Alivuta kitambaa chake chini. "Unafanya kazi ya mbao?"

"Ndiyo."

"Basi nisaidie kitu kimoja."

Akaeleza, polepole, akichanganya lugha. Waliuawa kwa sababu walikuwa Watutsi, na waliowaua waliwajua kwa majina, wengine walikuwa wakinunua chumvi dukani kwa mumewe. Yeye aliachwa akidhaniwa amekufa, akajiburuta hadi mafunjoni bondeni, na baada ya vita akalazwa miezi katika hospitali ya Byumba. Mumewe na watoto wake wawili, mvulana na msichana, walifukiwa migombani. Wako kati ya nyumba na ua wa minyaa. Anapajua mahali.

Mimi pia nilipajua. Nilikuwa nimepazunguka mchana ule nimebana pumzi. Lile koti nilikuwa nimelisugua kwa mgongo wangu. Mama akanifunika kwa ile kanga iliyombeba Neema, nayo ilikuwa bado ina joto la yule mwanamke.

Baba alitumia mbao alizokuwa amepewa za kutengenezea milango. Alitengeneza masanduku matatu, moja refu, mawili mafupi, na kwa siku mbili harufu ya maranda ilijaa uani. Siku ya kuwafukua na kuwazika walikuja wale wa kutoka Uganda na wale wa kutoka Burundi, na katekista mmoja mzee, na askari wa njia panda bila bunduki. Sisi watoto tulifungiwa ndani. Nilisikia majembe. Nilisikia majembe yakinyamaza, na kisha sauti moja tu, ya Spesioza, na hiyo sitajaribu kuieleza. Neema aliniuliza nani analia. Nilimwambia sijui.

Ningependa kusema hofu yangu iliisha hapo. Wasomaji hupenda hivyo, na watoto wangu walinitazamia hivyo nilipowasimulia. Haikuisha. Spesioza alihamia, akakataa chumba chake cha zamani, akachagua stoo karibu na jiko na hakuufunga mlango wake kamwe. Mchana alitembea ndani ya nyumba akigusa kuta. Alikuwa akiniambia, hiki kiti si hapa, kilikaa pale, na nilikirudisha mbio. Niliogopa kovu lake. Niliogopa anavyoacha kutafuna katikati ya chakula, akasikiliza. Zaidi niliogopa kwamba siku moja atatuhesabu, mimi na Neema, atatuona tuko wawili, msichana mkubwa na mdogo, tumekaa katika viti vya wale wawili, na atauliza kwa nini sisi.

Siku moja mawingu yalijikusanya juu ya kilima cha ng'ambo, meusi. Mama alikuwa kizingitini akichambua mchicha. Mimi nilikuwa naanua nguo. Neema alikuwa mbali uani, amepona, amenenepa, anachimba tope na kijiko. Spesioza alitoka jikoni na sufuria mkononi, akatazama juu, akaita kwa nguvu, kama mama yeyote anavyoita kwa haraka:

"Kayitesi! We Kayitesi! Ngwino, mvua!"

Nilisimama na shuka mikononi. Kayitesi lilikuwa jina nililoliona juu ya sanduku moja fupi, la binti yake, baba amelichonga kwa patasi. Spesioza alikuwa amelisikia jina alilotamka. Macho yake yakaenda kwa mama yangu, macho ya mtu aliyekamatwa akiiba. Neema alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama Spesioza, akanitazama mimi, akamtazama mama, hajui ni nani aliyeitwa. Matone ya kwanza yakapiga mabati.

Mama hakuacha kuchambua mchicha.

"Itika," alimwambia Neema. "Unaitwa."

"Abee," akaitika mdogo wangu, akatupa kijiko, akamkimbilia.